KIA hadi JKIA: kilomita 235 au 310? Na safari ni saa ngapi hasa?

BintiPasua

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mimi na mama yangu tunasafiri kwenda Ujerumani kumwona kaka na wajukuu wa mama. Kaka ndiye anayekata tiketi, na anasema ya kuanzia Nairobi imeshuka bei kuliko ya kuanzia KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, na kwa watu wawili tofauti yake si ya kudharau. Sisi tuko Moshi. Ndege inaondoka JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, tarehe 14 saa 00:30. Kaka ameandika kwenye kundi la familia: "Jumamosi tarehe 14 usiku, msichelewe."

Nimeangalia umbali kati ya viwanja hivyo viwili. Mahali pamoja wanasema kilomita 235, pengine 310 na ushee. Muda ndio vurugu kabisa: dakika 40, saa moja, saa nne na nusu, saa saba. Jirani yetu anayefuata nguo Nairobi hataki hata kusikia habari ya kufika na kuruka siku hiyo hiyo, yeye lazima alale.

Tuna njia mbili tunazofikiria. Ama tukate wenyewe tiketi nyingine ya ndege ya KIA kwenda Nairobi, ama tupite Namanga kwa barabara. Mama ana miaka sabini na kitu na goti la kulia linamsumbua. Kukaa anaweza, kusimama foleni hawezi. Hajawahi kupanda ndege. Mwenye kuijua njia naomba anieleze, siyo wa kupima kwenye ramani.

Latitudo

Dada, mimi ndiye huyo wa kupima kwenye ramani, ila univumilie kidogo, kwa sababu namba zako zote mbili ni sahihi.

JKIA iko nyuzi 1 na dakika 19 kusini mwa ikweta. KIA iko nyuzi 3 na dakika 26. Tofauti ni nyuzi 2 na dakika 7, yaani dakika 127. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852. Zidisha, unapata 235. Kwa mashariki na magharibi viwanja hivi karibu viko kwenye mstari mmoja, kimoja longitudo 36 na dakika 55 hivi, kingine 37 na dakika 4, kwa hiyo hapo hakuna cha kuongeza. Hiyo ndiyo njia ya kunguru, moja kwa moja angani.

Ile 310 ni ya magurudumu. Barabara haiendi moja kwa moja: inakupeleka kwanza magharibi hadi Arusha, inazunguka mlima Meru, ndipo inaelekea kaskazini.

Dakika 40 ni muda wa ndege kuwa angani. Saa moja ni ule wa kwenye ratiba, kuanzia inapoachia sehemu ya kuegesha hadi inapoegesha tena. JKIA ina njia moja tu ya kurukia, na ndege zikipangana mtasubiri zamu. KIA nayo njia yake imelala mashariki–magharibi, kwa hiyo ndege inayotoka kaskazini lazima izunguke kujipanga kabla ya kutua. Kwa safari fupi namna hii, kuzunguka na kusubiri ni sehemu kubwa ya muda wote.

Kitengela254

Sasa hiyo hesabu ya kunguru haimsaidii mtu akifika hapa kwetu. Mimi naishi Kitengela, na nyumba yangu inaangalia hiyo Namanga Road. Kutoka Namanga mpaka hapa ni kama saa mbili hivi, barabara ni safi. Halafu kutoka hapa mpaka JKIA, kilomita kama ishirini, inaweza kuwa dakika thelathini ama inaweza kuwa saa mbili. Ijumaa jioni, na kama ni mwisho wa mwezi, utajua hujui.

Ushauri wangu ni mfike Kitengela kabla ya saa kumi. Baada ya hapo matatu zinaanza kusimama popote, malori ya simiti yanatoka viwandani Athi River, na kila mtu anataka kufika nyumbani. Ukifika Mlolongo unaweza kupanda ile Expressway kama dereva wako hana shida na kulipia, itakushusha JKIA vizuri. Lakini Mlolongo kwenyewe lazima ufike kwanza.

Mzee wa Kosta

Binti, soma polepole. Nitaandika kirefu kwa sababu hii njia ndiyo inayonilisha.

Kwanza tarehe. Tiketi ikisema tarehe 14 saa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 14. Kama tarehe 14 ni Jumamosi, mnatakiwa kuwa uwanjani Ijumaa tarehe 13 jioni. Mkifuata alivyoandika kaka yako mtafika na mabegi yenu wakati ndege imeshashusha watu Ulaya tangu asubuhi. Abiria wa namna hiyo nimewabeba, wamependeza, wameagwa na ukoo mzima, na pale kaunta hakuna la kuwasaidia. Mwambie arekebishe kwenye kundi leo leo, kabla mashangazi hawajapanga chakula cha kuagana kikaangukia Ijumaa usiku.

Sasa njia. Achana na kilomita, hesabu vipande, kwa sababu kila kipande kina tabia yake.

Kutoka Moshi mnapita Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, mnafika Usa River. Hapo hakuna mbio. Vibao vya hamsini vimefuatana kijiji kwa kijiji, na trafiki wako na tochi zao chini ya miti. Wekeni saa nzima na msilalamike. Usa River ndipo dereva anaamua: apite Arusha mjini au achukue barabara ya mchepuo inayotokea Ngaramtoni, kilomita 42. Kwenye ramani mchepuo unaonekana mrefu, lakini mjini kuna taa, bodaboda na foleni ya Sakina. Mkiwa na gari la kukodi, semeni mchepuo. Mkipanda kosta ya abiria hamna uchaguzi, ni lazima iingie mjini kubadilisha watu na mizigo, na hapo inaweza kula saa nzima. Huo ndio mzizi wa tofauti ya saa nne na nusu na saa saba uliyoiona. Saa nne na nusu ni gari peke yake, bila foleni, bila mpaka, bila kushuka kujisaidia. Sijawahi kuliona gari hilo.

Ngaramtoni hadi Namanga ni raha ya dereva. Oldonyosambu, Longido, upepo na vumbi, barabara imenyooka. Ng'ombe na punda ndio wenye barabara, usiku hawaonekani na malori mengine hayana taa za nyuma. Ndiyo maana nasema mchana. Mtu akikwambia twende usiku ili tuwahi, ujue anajali ratiba yake kuliko mbavu zako.

Namanga. Siku hizi ni kituo kimoja cha huduma kwa pamoja, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018 na Rais Magufuli na Rais Kenyatta. Maana yake ni hii: mkienda Kenya, hamsimami kwenye jengo la Tanzania. Mnalipita, mnaenda jengo la upande wa Kenya, na humo ndani mnamkuta afisa wa Uhamiaji wa Tanzania anayewagongea kutoka, na pembeni yake wa Kenya anayewagongea kuingia. Mkirudi ni kinyume chake. Zamani mlishuka mara mbili na kutembea katikati kwenye jua, na kwa goti la mama pale ndipo pangekuwa na kazi. Mpaka uko wazi saa 24. Kukiwa shwari, nusu saa. Basi kubwa la Dar likitangulia mbele yenu, saa moja na nusu. Mwambie dereva akiona basi kubwa kwa mbele baada ya Longido alipite mahali panaporuhusiwa, maana ile ni foleni ya watu hamsini.

Mama aombe asisimame. Usione haya. Nenda mbele kwa afisa, mwamkie, mwambie una mzee mguu unamsumbua. Wanampa kiti na pasi inashughulikiwa. Haya ni mambo ya kusema kwa mdomo, ukinyamaza watadhani wote mna nguvu.

Na kadi ya homa ya manjano, kila mtu na yake. Tangu 2016 chanjo ile inahesabika ya maisha yote, hata kama kwenye kadi ya zamani pameandikwa miaka kumi. Akitokea wa kukwambia imekwisha muda, mweleze kwa upole. Gari nalo liwe na bima yake ya kuvuka, ile ya COMESA, ambayo nayo ni ya njano. Muulize dereva kabla hujalipa chochote.

Kutoka Namanga hadi Kitengela mnapita Bissil, Kajiado na Isinya. Kijana wa Kitengela amesema kweli, ila nimwongezee kitu kimoja. Ijumaa jioni foleni kubwa ni ya wanaotoka Nairobi, na nyinyi mtakuwa mnaingia. Kwa hiyo upande wenu unatembea, kinachowashika ni Kitengela yenyewe na ile makutano ya Athi River. Lakini kabla ya saa kumi ni neno zuri, lishikeni.

Basi pangeni hivi. Tokeni Moshi saa tatu asubuhi. Saa nne Usa River. Saa sita na nusu Namanga. Saa saba na nusu mmeshavuka na mmekula. Karibu saa tisa Kajiado. Saa kumi kasoro Kitengela. JKIA saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, na ndege ni saa sita na nusu usiku. Mtakaa sana, najua. Ila ukitoa saa tatu za kuwa uwanjani mapema, ile akiba ya saa nne na ushee inayobaki ndiyo inayomeza tairi kupasuka, basi la watu hamsini na lori lililolala katikati ya barabara, vyote kwa siku moja, na bado mkaruka.

BintiPasua

Shikamoo mzee. Asante sana, yaani sana. Kaka nimeshampigia. Amecheka, halafu akakaa kimya, halafu akarekebisha.

Lakini nina swali. Kama barabara inatukalisha siku nzima, si bora ile ndege ndogo? Dakika 40 mzee! Kuna ya jioni inayofika Nairobi saa mbili usiku, na yetu ni saa sita na nusu. Goti la mama lingepumzika.

Mzee wa Kosta

Marahaba mwanangu, na mama mpe shikamoo yangu.

Ndege ni nzuri na siwezi kuisema vibaya kwa sababu eti inaninyima abiria. Kama kaka yako angekata tiketi moja inayoanzia KIA, ikapita Nairobi, ikaenda hadi Ujerumani, ningekwambia panda na usiangalie nyuma. Mzigo unaukabidhi KIA unaukuta mwisho wa safari, Nairobi hamgongi pasi, mnabaki ndani. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya aliyewauzia tiketi kuwatafutia nyingine.

Wewe unasema tiketi mbili, kila moja peke yake. Hapo mambo yanageuka. Mnatua Nairobi, mnaingia Kenya kama wageni wengine, Uhamiaji, mnasubiri mabegi kwenye mkanda, mnatoka nje, mnatafuta jengo la ndege ya pili, mnakaguliwa upya, mnakabidhi mizigo upya. Pale JKIA majengo yako zaidi ya moja na si lazima mshukie mnapopandia. Ndege ya kwanza ikichelewa saa tatu, ya pili haiwajui. Mmepoteza tiketi zote mbili za Ulaya, na ile nafuu ya bei ya kaka imeisha hapo hapo.

Na ile ya jioni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu nyuma yake hakuna nyingine. Ikifutwa, mko KIA saa moja usiku, na kwa barabara hamfiki tena. Gari likiharibika Longido saa sita mchana, nasimamisha gari la mwenzangu, mnahamia, safari inaendelea. Ukitaka ndege, chukua ya asubuhi au ya mchana, mkae JKIA kutwa nzima. Halafu piga hesabu ya kweli: kutoka nyumbani Moshi hadi KIA dakika arobaini na tano, kuwa uwanjani saa mbili au tatu kabla, kuruka, Uhamiaji, mabegi. Ni saa tano kasoro, si dakika 40. Kwa hiyo mnaokoa saa tatu tu mkilinganisha na gari. Kama bei ya viti viwili bado ni ndogo kuliko nafuu ya kaka, mpandishe mama ndege, akaone mlima kwa juu. Kama si hivyo, njoo Namanga.

Latitudo

Kwa habari ya kuona mlima: kutoka KIA kwenda Nairobi Kilimanjaro iko mashariki, kwa hiyo mkae kulia. Meru iko kushoto. Wakirudi inageuka.

Mangi wa Rombo

Nashangaa hakuna aliyetaja Tarakea. Nyie watu wa Moshi mnazungukaje hadi Arusha wakati mlima una upande wa pili? Himo, Marangu, Mkuu, Tarakea, unavuka unaingia Oloitoktok, kutoka hapo lami hadi Emali, halafu barabara ya Mombasa moja kwa moja hadi JKIA. Hakuna Arusha, hakuna Kitengela. Sisi Rombo ndiko tunakopita. Kilomita ni zile zile mia tatu na kidogo.

Mzee wa Kosta

Mangi, njia hiyo naijua na ni nzuri, hasa kwa mtu anayeanzia Rombo mwenyewe. Ila angalia anayesafiri ni nani. Huyu ni mama wa miaka sabini anayeenda kupanda ndege. Kutoka Marangu hadi Tarakea ni kona na miteremko, goti litakuwa linasukumwa kila kona. Tarakea si Namanga, ofisi zake hazikeshi, na magari ya abiria ya moja kwa moja hadi Nairobi ni haba, wataunganisha mara tatu na mabegi ya kilo ishirini na tatu. Na mkitokea Emali mnaingia barabara ya Mombasa, ambayo Ijumaa jioni ina malori yote ya bandarini. Kwa gari lenu wenyewe na dereva aliyeizoea njia hiyo, sawa. Kwa wengine Namanga.

Kuna na wale watakaosema Holili, Taveta, Voi, halafu treni hadi Syokimau. Nawawahi. Hadi Voi mmeshatembea karibu nusu ya umbali wa njia ya Namanga na bado mko zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi, mkisubiri treni ambayo haisubiri mtu. Kwa matembezi ni safari tamu.

Kitengela254

Mzee umenena. Na mimi niulize kitu: gari la namba za Tanzania linaruhusiwa kuingia JKIA mpaka pale pa kushukia? Nakumbuka kulikuwa na vita.

Mzee wa Kosta

Vita ilikuwepo. Mwishoni mwa 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuingia JKIA. Machi 2015 Tanzania nayo ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Mwezi huo huo Rais Kikwete na Rais Kenyatta walikutana Namibia, wakati wa kuapishwa kwa rais wa kule, wakayamaliza. Tangu hapo tunaingia. Lakini mizozo ya aina hii hurudi. Januari 2024 ilikuwa zamu ya ndege zenyewe, Tanzania ilitangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways kwa sababu ya suala la ndege ya mizigo ya Air Tanzania, na yakamalizwa haraka kabla wengi hawajajua limeanza. Nawaambia madereva vijana wasikilize redio wiki ya safari, siyo mpira peke yake.

Kwa binti: muulize mwenye gari swali moja kwa maneno haya, "utatushusha mlangoni JKIA au utatushusha barabarani?" Kuna kosta zinazopitia uwanjani na kuna zinazowaacha abiria njia panda wakatafute teksi. Apate kujibu kabla hujalipa.

Na mjue kabla ya kufika majengoni kuna kizuizi cha ukaguzi. Mara nyingi abiria hushuka, wanapita kwenye mashine kwa miguu, dereva anapita na gari, mnakutana mbele. Ni hatua chache lakini mama ajulishwe asishtuke akadhani kuna kosa. Akishindwa, mwambie askari.

Kiti cha magurudumu kiombwe sasa hivi, siyo siku ya safari. Kaka aingie kwenye tiketi au awapigie wenye ndege, angalau siku mbili kabla. Ni bure. Na faida yake kubwa si kusukumwa, ni kwamba anayesukumwa hapangi foleni, na wewe msindikizaji unapita naye. Nimeona wazee wanakataa kwa aibu, wanasema mimi si mgonjwa. Mama akisema hivyo, mwambie ni huduma ya wageni wa heshima.

BintiPasua

Hahaha, hiyo ya wageni wa heshima nimeshaitumia, amekubali na amemwambia jirani.

Tumeamua barabara. Nimempata mwenye Noa ambaye anasema anafika hadi mlangoni na bima ya kuvuka anayo, nitaiona kwa macho. Tutatoka saa tatu kama mzee alivyopanga. Jirani wa nguo bado ananuna kwamba hatulali.

La mwisho, maana hapa nyumbani ndipo penye ugomvi. Mama amefungasha ndizi mshare za mtori, kahawa, nyama ya kukausha na siagi ya kienyeji kwenye kopo, vyote ameviweka kwenye mifuko ya rambo. Vitafika?

Mzee wa Kosta

Mifuko ya rambo haifiki hata Kajiado. Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019, na Namanga wanaitoa mbele ya macho yako, vitu vinabaki mikononi. Weka kwenye kikapu au mifuko ya kitambaa.

Nyama na siagi amwachie jirani ili aache kununa. Ulaya hawaruhusu msafiri kuingiza nyama wala vitu vya maziwa, hata kidogo, hata vya mjukuu.

Latitudo

Naongeza hapo. Kahawa iliyokaangwa haina shida. Ndizi ni mojawapo ya matunda matano ambayo Umoja wa Ulaya unaruhusu msafiri aingie nayo bila cheti cha afya ya mimea. Mengine ni nanasi, nazi, tende na duriani. Kwa hiyo huko Ujerumani mshare inapita kihalali.

Mzee wa Kosta

Ujerumani sawa, lakini ndizi haziruki kutoka Pasua hadi Ujerumani, zinapita Namanga kwanza, na pale kuna wakaguzi wa mimea wenye macho. Bila cheti wanaweza kuzibakiza. Abebe chache za juu juu ambazo hataumia zikichukuliwa, na zisiwe chini ya begi, maana mkiambiwa fungueni mtafungua lote pale mezani na nyuma yenu kuna basi la Dar.

BintiPasua

Amesema atabeba mikungu miwili. Naendelea kujadiliana naye.